Fedha za Shule ya Msingi na Wajibu wa Mwananchi

Wizara yenye dhamana ya elimu hutunga sera na mitaala; TAMISEMI, kupitia halmashauri, husimamia uendeshaji wa shule. Shuleni penyewe, Kamati ya Shule, yenye wajumbe kutoka miongoni mwa wazazi, ndiyo hujadili mpango na bajeti. Mwalimu mkuu ni katibu wake.

Elimumsingi bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka: shilingi 4,000 kwa ajili ya vitabu, na 6,000 kutumwa moja kwa moja katika akaunti ya shule. Kwa kiwango hicho, shule yenye wanafunzi 500 hupata shilingi 3,000,000 kwa mwaka kwa ajili ya chaki, mitihani, michezo na ukarabati mdogo. Mishahara ya walimu hulipwa na Serikali Kuu.

Kwa kuwa ruzuku hufuata idadi ya wanafunzi, mtoto asiyeandikishwa huipunguzia shule uwezo. Chakula cha mchana hutegemea michango ya hiari ya wazazi; mwanafunzi hazuiwi kusoma kwa sababu mzazi wake hajachangia.

Matokeo ya Darasa la Saba hutangazwa na Baraza la Mitihani kwa kila shule. Mwananchi asitazame ufaulu pekee, bali alinganishe walioanza Darasa la Kwanza na waliofanya mtihani. Taarifa ya mapato na matumizi inapaswa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Isipoonekana, mkutano wa wazazi ndio mahali pa kuiulizia.