Kabla ya kuuza shamba kulipia ada, hesabu kwanza vipaji vya mwanao

KILA mwenye duka, hata kama ni kibanda cha chumvi na viberiti, ana siku yake ya kufunga mlango mapema na kuhesabu mali. Hutazama kilichopo, kilichokwisha, kinachotoka haraka na kilichokaa kwenye shelfu mpaka kikajaa vumbi. Asiyefanya hivyo hushtukia mtaji umeondoka bila kuaga. Ndiyo maana wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo la kushangaza ni kwamba mfanyabiashara huyo huyo, au mkulima anayejua idadi ya kila debe lililoingia ghalani, hafanyi hesabu ya namna hiyo anapotoa fedha ambazo huenda zikawa nyingi kuliko zote alizowahi kutoa kwa mara moja, yaani ada ya chuo ya mtoto wake. Huuza ng'ombe au kipande cha shamba, kisha humpeleka kijana kusomea fani ambayo jirani amesema "ina soko".

Tuchukue mfano wa kijana ambaye hakosekani katika kijiji chochote. Tangu akiwa darasa la tano, ndiye anayefungua na kusafisha bomba la kupulizia dawa linapoziba. Mashine ya kusaga ikigoma, majirani humwita yeye kabla ya kumwita fundi. Matokeo ya kidato cha nne yametoka, amepata alama za wastani. Baba anauza ekari moja na kumpeleka kusomea uhasibu, kwa sababu mtoto wa shangazi yake ni mhasibu na amejenga nyumba. Miaka miwili baadaye kijana amerudi nyumbani bila cheti, na ekari haipo tena.

Je, hapo kosa ni la kijana? Hapana. Ilifanyika biashara bila daftari.

Daftari la mwanafunzi

Mwanafunzi naye anaweza kuhesabu mali yake. Achukue daftari la kawaida na kwa muda wa mwezi mmoja ajaze kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza aandike kazi anazozifanya bila kusukumwa na mtu. Wa pili aandike kazi ambazo wenzake, walimu au majirani humfuata ili awasaidie. Wa tatu aandike kazi anazozikimbia kila akipata upenyo.

Ukurasa wa pili ndio wa kutazamwa zaidi. Mtu anaweza kujidanganya kuhusu anachokipenda, lakini watu hawaji mara tatu kuomba msaada kwa asiyejua kitu. Ni sawa na bidhaa dukani: mwenye duka anaweza kuisifia, ila mteja anayerudi ndiye shahidi.

Aidha, aandike mambo yaliyotendeka, si sifa tupu. "Mimi ni mchapakazi" haimsaidii mtu. "Niliuza nyanya za mama gulioni wiki nne na hesabu haikupungua hata mara moja" ni ushahidi.

Makundi sita ya kazi

Mwanasaikolojia wa Marekani, John Holland, alieleza mwaka 1959 kwamba kazi na watu wanaozifaa wanaweza kupangwa katika makundi 6. Mpango wake unatumiwa na washauri wa wanafunzi mpaka leo, na mkulima anaweza kuuona nyumbani kwake.

Kundi la kwanza ni la kazi za mikono na mashine. Huyu ni yule kijana wa bomba la dawa. La pili ni la uchunguzi: mtoto anayetaka kujua kwa nini viwavi wameshambulia mahindi ya upande mmoja wa shamba na si mwingine. La tatu ni la ubunifu, kama binti anayechora mitindo ya nguo au kuandika mabango ya duka. La nne ni la kuhudumia watu, yule anayewafundisha wadogo zake wakamwelewa. La tano ni la kushawishi na kuongoza, anayeweza kumuuzia mteja aliyekuja kuulizia bei tu. La sita ni la kumbukumbu na utaratibu, ambaye daftari la madeni likiwa mikononi mwake halina jina linalosahaulika.

Watu wengi huangukia makundi mawili au matatu kwa pamoja. Anayependa mashine na pia anajua kuuza anaweza kuwa fundi wa pampu za umwagiliaji mwenye duka lake la vipuri.

Hata hivyo, tahadhari mbili zinahitajika. Kwanza, alama mbaya si ushahidi kamili. Mwanafunzi aliyekaa bila mwalimu wa fizikia kwa miaka miwili hawezi kusemwa kwamba hana akili ya fizikia. Pili, kipaji kisichopewa nafasi hakionekani. Binti ambaye kila jioni yuko jikoni, huku kaka yake akishika spana, atajulikanaje kama ni fundi? Mpe spana kwanza, kisha umpime.

Njia ni nyingi kuliko moja

Wazazi wengi bado wanaamini kwamba asiyekwenda kidato cha tano ameshindwa maisha. Hiyo si kweli. Kijana wa mashine anaweza kwenda VETA, mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, akajifunza umeme, uchomeleaji au ufundi magari. VETA pia ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti waliojifunzia ufundi mitaani. Anayependa mimea anaweza kuomba vyuo vya kilimo kama Ukiriguru, Uyole, Ilonga au Tengeru, na anayependa mifugo ana kampasi za LITA, ikiwamo ya Mpwapwa. Mwenye mkono wa hesabu na watu anaweza kutazama masomo ya ushirika pale Moshi, ambako chuo kilianza mwaka 1963 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2014. Anayepitia kidato cha sita au stashahada anaweza kufika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kilichoanzishwa mwaka 1984.

Kila njia ina masharti yake ya ufaulu. Isome miongozo ya udahili ya NACTVET kabla ya kulipa hata shilingi, na uhakikishe chuo kimesajiliwa. Aidha, chaguo la tahasusi alilojaza mwanafunzi akiwa shuleni si pingu. Baada ya matokeo, TAMISEMI imekuwa ikitoa muda wa kubadilisha tahasusi na vyuo kwa njia ya mtandao.

Jaribio dogo kabla ya ada kubwa

Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, na kidato cha tano huanza Julai. Hapo katikati kuna miezi kama saba ambayo vijana wengi huimaliza kijiweni. Hicho ndicho kipindi cha kujaribu. Mkulima hapandi mbegu mpya shamba zima kwa mara ya kwanza. Hupanda mistari michache akaiangalia.

Anayedhani anapenda mifugo, mpe vifaranga 50 na daftari, awalishe, awachanje na kuwauza yeye mwenyewe. Anayetaka ufundi, mpeleke gereji kwa mwezi mmoja, ashinde na grisi mikononi. Anayetaka biashara, asimamie meza yako sokoni na kufunga hesabu kila jioni. Anayetaka kuwa bwana shamba, aombe kufuatana na afisa ugani wa kata.

Wako watakaogundua kwamba walichokitamani si chao. Hiyo nayo ni faida, tena ya bei rahisi. Vifaranga 50 wakifa, hasara inaumiza lakini msimu ujao unaweza kujaribu tena. Ekari ikishauzwa, mwenye nayo mpya hakuuzii kwa bei ile ile.

Basi mzazi, kabla hujamwita dalali wa shamba, mwite kwanza mwanao. Mwambie alete lile daftari, mkae chini, mlisome pamoja.