Kukataa Nako Hufundishwa

Sisi tulio Pwani hatuhitaji kuelezwa unga ni nini. Nimefuata majeneza ya vijana niliowajua wakiwa na mikoba ya shule. Na kila yatokeapo hayo, twasema: watoto waambiwe madhara yake. Basi huitwa shuleni mgeni mwenye cheo, akahutubu, akatisha, akenda zake.

Hotuba pekee haitoshi, na ushahidi upo. Mwaka 1983 mjini Los Angeles, Marekani, polisi na wakuu wa shule walianzisha mafunzo yaitwayo D.A.R.E. Askari mwenye sare aliingia darasani kufundisha ubaya wa dawa za kulevya na ujeuri. Mafunzo yakaenea hata ng'ambo. Miaka ya 1990 wataalamu walipopima, waliona waliofunzwa na wasiofunzwa hawakutofautiana sana katika kutumia dawa hizo. Kuanzia 2009 mtaala ulibadilishwa. Watoto wakazoezwa zaidi kufikiri, kuamua na kujibu.

Naam, hapo ndipo penye jambo. Mtoto haletewi unga na adui. Huletewa na rafiki, pengine binamu, kwa maneno matamu. Hatari aijua. Alichokosa ni neno la kumtoa pale bila ya kuaibika wala kupigana. Neno hilo lataka mazoezi, kama tulivyozoezwa chuoni: kusoma, kurudia, hata ulimi ukazoea. Wanafunzi wawili wasimame mbele ya wenzao, mmoja ashawishi, wa pili akatae, kisha wabadilishane. Na wapewe shairi, kwani chenye vina hakisahauliki upesi. Mimi nawatungia ubeti huu:

Ukinipa nakataa, usiudhike mwenzangu,
Si woga unonijaa, nailinda roho yangu,
Ngumi nami sitatwaa, wende zako nende zangu,
Mama nyumbani akaa, anangoja wema wangu.

Lakini mwalimu hatoshi peke yake. Sheria iliondoa kiboko katika shule za Kenya mwaka 2001; majumbani bado kingalipo. Mtoto apigwaye kila akosapo hufunzwa kuwa ngumi ndiyo jawabu, na kwamba mkubwa hakataliwi. Kesho atakapokutana na mkubwa mwenye unga mkononi, atamwambiaje?

Mzazi mwenzangu, mwache mwanao siku moja akukatalie kwa adabu, nawe umsikilize. Asiyepata kusema "la" nyumbani, ataisemea wapi?