Kufufua Ufundi wa Picha za Kioo: Mfano wa Kolodioni

Mwezi wa Machi 1851, mchongaji sanamu Mwingereza Frederick Scott Archer alitangaza namna mpya ya kupiga picha juu ya kioo. Hakuihodhi kwa hataza. Kila aliyetaka aliitumia. Mwenyewe alifariki mwaka 1857 akiwa maskini. Ufundi huo, uitwao kolodioni mbichi, ulienea Ulaya na Marekani hata ulipopishwa na mabamba makavu ya gelatini katika miaka ya 1880.

Kolodioni ni pamba iliyogeuzwa kwa asidi ya nitriki na ya salfa, kisha ikayeyushwa katika etha na alkoholi. Fundi huitia chumvi za iodini na bromini, huimimina juu ya kioo safi, kisha hukitosa kioo katika maji ya nitrati ya fedha kwa dakika 3 hivi. Hapo kioo huanza kuhisi mwanga. Sharti kipigwe picha na kusafishwa kingali kibichi, kwani kikikauka dawa haipenyi tena. Ndiyo sababu wapiga picha wa zamani walisafiri na hema la giza.

Kwa nini basi ufundi uliopitwa ufundishwe? Jibu la kwanza lahusu hifadhi. Mhifadhi asiyejua kioo kilitengenezwaje aweza kukipangusa kwa alkoholi, akayeyusha vanishi pamoja na picha yenyewe. La pili lahusu maarifa. Vitabu vya karne ya 19 vyataja vipimo, lakini mkono uinamishwe vipi ili kolodioni ienee hadi pembe nne hujulikana kwa kutenda, mbele ya mwenye kujua. Kwa hiyo makumbusho ya George Eastman, mjini Rochester, Marekani, yameendesha mafunzo ya vitendo.

Mwalimu hufundisha pia tahadhari: etha hushika moto upesi, nitrati ya fedha hudhuru macho, na sianidi ya potasiamu, iliyotumiwa kuondoa chumvi za fedha zilizosalia, ni sumu kali. Mahali pake yaweza kutumiwa thiosulfati ya sodiamu.

Mtafiti wa Kiswahili ana funzo hapa. Akusanyaye istilahi za wahunzi au wafinyanzi asiridhike na majina ya vyombo. Aandike pia mwendo wa mkono na mfuatano wa kazi, fundi angali hai. Jina likibaki peke yake, atakayelisoma kesho hataweza kuifanya kazi iliyotajwa.