Alama za Wafungwa katika Makambi ya Hitler

Wasikilizaji wangu wa Utemini na wa Singida yote, kila mfugaji miongoni mwenu anajua kazi ya alama. Ng'ombe hukatwa sikio, au huchomwa kwa chuma cha moto, ili akipotea ajulikane ni wa nani. Leo napenda kuwaeleza jinsi wanadamu walivyotiwa alama katika Ujerumani, zamani za utawala wa Hitler, tangu mwaka 1933 hata 1945. Kati yao alikuwamo mtu wa kwetu, mzaliwa wa Dar es Salaam.

Mtu huyo ni Mahjub bin Adam Mohamed, ambaye huko Ulaya alijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa mwaka 1904. Baba yake alikuwa askari wa Wadachi, naye mwenyewe aliingia katika jeshi lao angali mtoto, katika vita vya 1914. Mwaka 1929 alifika Berlin akadai mshahara wake na wa baba yake uliosalia tangu vita, asilipwe. Akakaa huko. Alikuwa mtumishi wa mezani, akasaidia kufundisha Kiswahili chuoni, akaigiza katika filamu, na mwaka 1933 akaoa mke wa Kizungu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kushtakiwa kwamba ameingiliana na mwanamke wa Kijerumani, jambo lililokatazwa mtu mweusi. Akapelekwa, pasipo hukumu ya korti, kwenye kambi ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin.

Mtu akiisha kuingizwa kambini alivuliwa nguo zake, akanyolewa, akapewa mavazi ya milia na namba. Tangu hapo jina lake halikuwa na kazi tena. Namba ilipigwa juu ya kitambaa, nacho kikashonwa kifuani na katika suruali. Asubuhi na jioni wafungwa walipangwa uwanjani wakahesabiwa. Hata mgeni asiyejua neno moja la Kijerumani alipaswa kuitambua namba yake ikitajwa, asipoitika, alipigwa.

Pamoja na namba ilishonwa pembetatu ya kitambaa, ncha yake ikitazama chini. Nyekundu ilikuwa ya waliopinga serikali. Kijani, ya wahalifu. Zambarau, ya Mashahidi wa Yehova, waliokataa kushika silaha. Waridi, ya wanaume walioshtakiwa kwa kulala na wanaume. Nyeusi walipewa wale walioitwa wavivu na wasiofaa, na mara nyingi kosa lao lilikuwa umaskini tu. Myahudi aliongezewa pembetatu ya manjano, zikakaa mbili pamoja kama nyota. Mgeni aliandikiwa herufi ya taifa lake, kama P kwa mtu wa Poland. Hila ilikuwamo humo: mlinzi alimjua kila mtu kwa kutupa jicho mara moja, na wafungwa wenyewe waligawanyika, maana wenye kijani mara nyingi walipewa mamlaka juu ya wenzao.

Wazee wetu walichukua kipande, na wengi walikichukia. Lakini kipande kiliandikwa jina la mwenyewe, na siku zake zikitimia alilipwa akaenda zake.

Watu wengi hudhani ya kuwa kila kambi ilichoma namba mwilini. Sivyo. Jambo hilo lilifanywa Auschwitz, katika nchi ya Poland. Lilianza mwaka 1941 kwa mateka wa Kirusi, waliopigwa kifuani chapa yenye sindano, kisha wino ukasuguliwa jerahani. Baadaye ilitumika sindano moja, katika mkono wa kushoto. Sababu yake ilikuwa hesabu: maiti zilivuliwa nguo, na nguo ikiisha kuvuliwa namba yapotea. Namba zaidi ya 400,000 zilitolewa huko. Na wale waliopelekwa kuuawa kwa gesi siku ile ile ya kufika, wengi wao Wayahudi, hawakupewa namba yo yote, wala hawakuandikwa katika daftari la wafungwa.

Mahjub alikufa Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944, miezi mitano kabla kambi haijakombolewa. Mwaka 2007 liliwekwa jiwe dogo lenye bamba la shaba katika njia ya miguu, mbele ya nyumba aliyokuwa akikaa Berlin. Limeandikwa jina lake.