USAHA NYUMA YA MFUPA WA KIFUA

Tufikiri habari ya mama mmoja. Alipokuwa mtoto aliumwa koo mara kwa mara, wala hakupata dawa. Ugonjwa ule ukaleta homa, na homa ikaharibu milango ya moyo wake. Baadaye alipasuliwa katika hospitali kubwa, akawekewa mlango mpya. Sasa ni siku ya 18. Yuko nyumbani, na watu wanafurahi. Lakini nguo yake ina majimaji kifuani, na akikohoa anasikia mfupa ukilia «ka, ka». Shemeji yake anasema, «Ni kidonda kinakauka tu. Tukipake majani.» Je, ni maneno mazuri?

Hapana! Ni maneno ya hatari.

Kidonda hiki si cha ngozi tu

Ili kuufikia moyo, waganga hukata kwa msumeno mfupa wa katikati ya kifua, toka juu mpaka chini. Mganga Herbert Milton alieleza njia hiyo mwaka 1897, alipokuwa akifanya kazi Cairo, Misri. Kazi ikiisha, mfupa hufungwa kwa waya za chuma. Waya hazitolewi, zinakaa ndani.

Kwa watu wengi mfupa huunga vizuri. Lakini katika watu 100, mara nyingi 1 mpaka 3 huingiwa na vijidudu ndani, nyuma ya mfupa, karibu na moyo wenyewe. Vijidudu hivyo hukaa hata katika pua na ngozi ya watu wazima wenye afya. Wenye ugonjwa wa sukari, wavutao tumbaku na wanene sana wana hatari zaidi.

Dalili zake

Homa. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Wekundu, majimaji au usaha. Mfupa unaocheza au kulia mtu akikohoa. Mara nyingi dalili hizi huonekana katika mwezi wa kwanza.

Waganga hufanya nini?

Usaha uliofungiwa ndani hauponi kwa vidonge peke yake. Kwa hiyo waganga hufungua kifua tena. Hutoa usaha, nyama iliyokufa, na mara nyingi waya pia. Hupeleka kipande kidogo maabara, wajue ni vijidudu gani na dawa gani itaviua. Mgonjwa hupewa dawa hiyo katika mshipa, mara nyingi kwa majuma kadhaa.

Zamani kidonda kiliachwa wazi na kujazwa vitambaa, na wengi walikufa. Mwaka 1980 wapasuaji wa Atlanta, Marekani, waliandika jinsi walivyovuta misuli ya kifua na kuziba shimo kwa nyama hai yenye damu. Nyama yenye damu hupigana na vijidudu. Mwaka 1997 waganga wengine wa Marekani walieleza njia ya sponji na mashine inayonyonya majimaji polepole. Sponji hubadilishwa kila siku 2 au 3, na utando huwekwa kati yake na moyo, usichubuke. Kidonda kikisafika, kifua hufungwa.

Sisi tufanye nini?

1. Ukiona majimaji au ukisikia mfupa ukilia, nenda hospitali siku ile ile. Hospitali ndogo haitafungua kifua, lakini itampima mgonjwa, itawaita wapasuaji wake na kumtuma kwao upesi.
2. Usipake majani, majivu wala mafuta. Usinunue vidonge sokoni.
3. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kitambaa cha kidonda. Ndugu wa kanisa wanaokuja kumtazama mgonjwa wasikiguse kabisa.
4. Kwa majuma 12 mgonjwa asibebe bidoni ya maji, asilime, asitwange. Akikohoa, akumbatie mto kifuani.
5. Mwenye ugonjwa wa sukari ashike dawa zake sawasawa.

Turudi kwa yule mama. Mume wake alikataa majani, akampeleka hospitali jioni ile. Alifunguliwa kifua tena, akakaa kitandani majuma mengi, akarudi nyumbani na kovu kubwa. Kama wangengoja juma moja tu, labda usaha ungeufikia mlango mpya wa moyo, au ungeingia katika damu yote.

Basi, ndugu, usione haya kurudi hospitali kwa ajili ya tone moja la majimaji. Tone hilo ni habari kutoka ndani.