Sofa ya Ndoto Inapofika Keko

Televisheni ilipoanza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994, watoto wengi waliitazama wakiwa wamekaa mkekani. Makochi yalikuwepo, ila yalikuwa ya wageni: fremu za mbao zilizopigwa vanishi, mito ya kitambaa cha maua, na juu ya kila mgongo kitambaa cheupe cha kufuma ambacho ole wake mtoto atakayekikunja. Kwenye kioo mambo yalikuwa tofauti. Tamthilia za Meksiko, na baadaye filamu za Nigeria, zilionyesha sebule zenye masofa mapana ya ngozi au mahameli, mekundu, ya kijani iliyokolea, ya rangi ya dhahabu, na watu wakijitupa humo bila kugombezwa na mtu.

Watoto wale sasa wamo kwenye miaka ya thelathini na arobaini. Wana mishahara, wana nyumba au angalau kodi ya miezi sita, na inapofika zamu ya kupamba sebule zao hawaulizii tena seti ya viti vya kawaida. Wanataka sofa moja ambayo mgeni akiingia ataiona kabla hajamwona mwenye nyumba.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, safari hiyo mara nyingi huishia Keko, wilayani Temeke, eneo ambalo jina lake na fenicha havitengani. Fremu tupu zimepangwa nje kama mifupa, mashine za kushonea zinalia, kirikuu kimeegeshwa kikisubiri mzigo. Mteja hashiki katalogi. Anatoa simu, anafungua picha aliyoihifadhi tangu mwaka jana, na swali lake ni moja: "Fundi, hii unaiweza?" Jibu huwa ndiyo. Kama ni ndiyo ya kweli, hilo hujulikana sofa ikishafika nyumbani.

Picha inayoongoza kwenye simu hizo ni ya chesterfield, yenye mikono iliyoviringwa na kulingana kimo na mgongo, na vifungo vilivyozama hadi sponji inajigawa kuwa almasi ndogondogo. Simulizi za Uingereza humtaja Philip Stanhope, bwana wa Chesterfield wa karne ya 18, kuwa ndiye aliyeiagiza ya kwanza, ingawa ushahidi wa hilo ni haba. Na kiti cha kumkoga mgeni si kitu kigeni kwa Waswahili. Lamu ilikuwa na viti vya enzi, vyenye nakshi za pembe na migongo ya kusukwa, zamani sana kabla mahameli hayajafika Kariakoo.

Vifungo hivyo ndivyo vinavyompa fundi hela, na pia ndivyo vinavyompotezea siku. Anapima mgongo kwa chaki, anatoboa sponji kila penye alama, kisha anapitisha sindano ndefu kutoka mbele hadi nyuma. Uzi unavutwa kwa nguvu za mkono, unafungwa nyuma kwenye kipande cha kitambaa kigumu ili usikate, halafu mikunjo ya kila almasi inalazwa kwa kidole ielekee upande mmoja. Kila kifungo kinameza sentimita kadhaa za kitambaa kwa mapana na kwa marefu. Sofa ya vifungo basi hula kitambaa kingi kuliko sofa laini ya ukubwa uleule, na mteja anayelalamika kuwa ametajiwa bei ya juu kwa "vifungo tu" hajapiga hesabu hiyo.

Swali la kibiashara ni kwa nini kazi hii haijamezwa na Uchina. Foshan, katika jimbo la Guangdong, ni miongoni mwa vituo vikubwa kabisa vya fenicha duniani, na wafanyabiashara wa Dar es Salaam na Nairobi wanaijua njia ya kwenda huko. Sababu moja ni ushuru. Tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki imeiweka fenicha kwenye kundi la bidhaa zinazotozwa asilimia 35 zikitoka nje. Sababu ya pili ni hewa. Kontena la kawaida la futi 40 lina mita za ujazo 67 hivi, na sofa ya watu watatu iliyokwisha kuundwa inakaribia mita mbili za ujazo, sehemu kubwa ikiwa ni nafasi tupu. Mwagizaji analipia meli ibebe upepo. Tena sofa ya kontena ina rangi yake na vipimo vyake. Haiongezewi kiti kimoja wala kupunguzwa sentimita kumi ili ipite kwenye ngazi za ghorofa. Fundi wa Keko anaweza yote hayo, na faida yake kuu ipo hapo.

Malighafi ndiyo inayombana. Mbao laini zinashuka kutoka Mafinga, penye shamba la miti la Sao Hill, na soko lake halina mpaka: Kenya ilipozuia uvunaji wa misitu ya umma kuanzia Februari 2018 hadi Julai 2023, wanunuzi wa huko waligeukia mbao za Tanzania. Sponji nayo huumuliwa hapa nchini, lakini kemikali zake zinatokana na mafuta ya petroli na hununuliwa kwa dola. Uhaba wa dola wa mwaka 2023 ulimgusa hata fundi ambaye hajawahi kuishika noti hiyo.

Nairobi, hadithi inafanana, ila mtaji umeanza kuingia. Kwenye barabara ya Ngong masofa bado yanapangwa kando ya lami, na wateja wengi hulipa pole pole hadi watimize. Jijini humo humo ipo kampuni ya MoKo, iliyoanza mwaka 2014 kwa kuwauzia waunda fenicha malighafi, ikaja kuingia kiwandani na kuuza masofa yenyewe. Mwaka 2022 ilipata dola milioni 6.5 za wawekezaji na wakopeshaji. Fundi wa Keko, yeye, mtaji wake ni kianzio cha mteja. Akichukua nusu ya fedha ya sofa ya leo kumalizia ya wiki iliyopita, ahadi ya siku kumi inageuka mwezi.

Katikati ya fundi na mteja wamekaa mawinga wa Instagram. Hawana karakana, wana picha nzuri na kifurushi cha intaneti. Wanachukua oda, wanaipeleka Keko, wanaongeza chao. Si wezi, maana kazi ya kutafuta wateja ina thamani. Tatizo ni kwamba bei ya mwisho wanaijua wao, na fundi aliyebanwa bei hupunguza pale ambapo jicho halifiki: mbao mbichi, mikanda michache chini ya kiti, sponji nyepesi. Mahameli hubaki yaleyale. Mbao ikikauka inajipinda, pini zinalegea, na sofa inaanza kulia kila mtu akikaa.

Kwa mnunuzi, basi, rangi na vifungo vije baadaye. Kwanza aombe kuiona fremu kabla haijavalishwa, kisha aipime sponji. Ya kukalia inafaa iwe na uzito wa kilo 30 hivi au zaidi kwa mita moja ya ujazo, na hesabu yake inafanyika papo hapo: kipande cha sentimita 60 kwa 60, chenye unene wa sentimita 10, kizidi kilo moja kidogo. Kikisoma gramu 600, hiyo ni sponji ya mgongo. Mizani ya duka la jirani inatosha, na wakati wa kuiazima ni kabla ya kutuma kianzio.