Walimu wa ngoma nchini Tanzania

Walimu wa ngoma nchini Tanzania ni watu wanaofundisha kizazi kipya kupiga na kucheza ngoma za asili, pamoja na nyimbo, mavazi na maana zake. Baadhi yao ni makungwi wa jando na unyago, wengine ni viongozi wa vikundi vya vijijini na mitaani, na wengine ni wakufunzi walioajiriwa katika vyuo vya sanaa. Wengi huanza kujifunza wakiwa watoto na kuendelea na kazi hiyo hadi uzeeni.

Katika Kiswahili neno "ngoma" lina maana tatu zinazoshikamana: chombo kinachopigwa, uchezaji wenyewe, na shughuli inayowakusanya watu. Kwa hiyo mwalimu wa ngoma hafundishi hatua za miguu tu. Hufundisha pia ngoma ichezwe lini, na nani, mbele ya nani na kwa sababu gani. Ngoma nyingi za Tanzania hazikuwahi kuandikwa. Zimehifadhiwa katika kumbukumbu na viungo vya wanaozijua, na zimedumu kwa sababu kila kizazi kilipata mtu wa kukifundisha.

Majina na vyeo

Cheo cha mwalimu hutegemea kazi yake na kabila lake. Katika pwani, kungwi ni mtu mzima anayemfunda kijana au msichana wakati wa jando au unyago. Somo ni mwanamke anayemshauri na kumwelekeza msichana huyo katika mambo ya utu uzima. Nyakanga ni kungwi mkuu anayesimamia shughuli nzima, na makungwi wengine humtegemea kwa mila na nyimbo. Ngariba, anayetahiri, ana kazi yake tofauti, ingawa wote hukutana katika jando.

Miongoni mwa Wasukuma, kiongozi wa kikundi cha wachezaji ambaye pia hutunga nyimbo huitwa ningi. Vikundi vya Kisukuma vimegawanyika tangu zamani katika pande mbili zinazoshindana, Bagika na Bagalu. Majina hayo yanatokana na waasisi wao, Ngika na Gumha. Mfuasi wa upande mmoja hujifunza dawa, nyimbo na mbinu za upande wake. Ushindani huo umewafanya walimu wabuni mambo mapya kila msimu ili kuwavuta watazamaji.

Kufundisha ngoma katika nchi ya Wazaramo

Kibaha na Kisarawe, katika Mkoa wa Pwani, ni sehemu ya nchi ya asili ya Wazaramo. Hapo mahali pa kwanza pa kufundishia ngoma palikuwa unyago na jando. Msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani na kuitwa mwali. Zamani aliweza kukaa ndani kwa miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Katika muda huo alikuwa na mwana hiti, kinyago kidogo cha mti kinachohusishwa na uzazi na ukoo. Mafunzo yalitolewa kwa nyimbo, mafumbo na uchezaji. Miongoni mwa sherehe zake ni mkole, ambao umechukua jina la mti, na mwisho wa yote mwali alitolewa nje kwa ngoma mbele ya ndugu na majirani.

Katika mazingira hayo ngoma haikuwa burudani ya kufuata baada ya somo. Ngoma ndiyo iliyokuwa somo. Wimbo mfupi uliweza kubeba onyo juu ya ulimi, usafi, ndoa au heshima kwa wakwe, na mwendo wa mwili ukaeleza jambo ambalo si desturi kulitamka wazi. Mwali aliyekosea kujibu fumbo alirudishwa mwanzo mpaka alielewe.

Ngoma nyingine inayojulikana sana kwa Wazaramo ni mdundiko. Hii huchezwa kwa kutembea: wapigaji hutangulia au huzungukwa na umati, nao watu hufuata barabarani wakiimba na kukata kiuno. Mdundiko husindikiza harusi, kutolewa kwa mwali na shughuli nyingine za furaha. Haufundishwi kwa kumweka mtu ndani. Watoto huujifunza kwa kuufuata, na wapigaji wapya hupatikana miongoni mwa vijana wanaokaa karibu na ngoma hadi wanapokabidhiwa chombo.

Leo Kibaha ni mji unaokua kando ya Barabara Kuu ya Morogoro, karibu kilomita 40 kutoka katikati ya Dar es Salaam. Katika kata zake, kama vile Tangini, wenyeji wa Pwani wanaishi pamoja na watu waliohamia kutoka mikoa mingine. Mtoto anaweza kusikia mdundiko wa jirani, ngoma ya kabila la wazazi wake katika harusi, na muziki wa singeli katika spika za mtaani, yote katika wiki moja. Mwalimu wa ngoma ya asili hapo hana tena kijiji kizima kinachomsikiliza; anapaswa kuwatafuta wanafunzi.

Namna ya kufundisha

Mafunzo ya ngoma huanza kwa sikio. Mwanafunzi huketi karibu na wapigaji, hupiga makofi na kuitikia wimbo kabla hajaruhusiwa kugusa chombo. Mapigo hufundishwa kwa mdomo: mwalimu hutamka silabi zinazofanana na mlio wa ngoma, naye mwanafunzi huzirudia mpaka mkono uzifuate.

Kila chombo kina kazi yake. Chapuo, ngoma ndogo, hushika mapigo ya haraka. Vumi hutoa mlio mzito wa chini. Msondo, ngoma ndefu, hujulikana hasa katika unyago. Njuga zinazofungwa miguuni na kayamba huongeza mlio wa kukwaruza au kulia pamoja na hatua. Mapigo haya hayaangukii mahali pamoja, bali hupishana na kufumana. Kazi ngumu ya mchezaji ni kushika pigo lake bila kuvutwa na la mwenzake, huku akisikiliza ngoma kuu inayotoa ishara ya kubadilisha mtindo.

Mwalimu hufundisha pia kutunza vyombo: kuchagua mti, kuwamba ngozi, na kuikanza ngoma motoni ili ngozi ikaze kabla ya kupigwa. Mtu asiyejua kuikanza ngoma humtegemea mwingine kila anapotaka kucheza, kwa hiyo walimu wengi huhesabu ujuzi huo kuwa sehemu ya ufundi wenyewe.

Kutoka uwanja wa kijiji hadi jukwaa la taifa

Wakati wa ukoloni, wamisionari na watawala wengi walizitazama ngoma kama ushenzi au usumbufu, na shule nyingi ziliwafundisha watoto nyimbo na michezo ya Ulaya. Tarehe 10 Desemba 1962, Julius Nyerere alipohutubia kama rais wa kwanza wa Tanganyika, alisikitika kwamba wasomi walijua dansi za kigeni kuliko gombe sugu, mangala, kiduo au lelemama. Katika hotuba hiyo alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana.

Katika miaka ya 1960 kiliundwa Kikundi cha Ngoma cha Taifa. Wachezaji wa makabila mbalimbali walifundishana ngoma za kwao, kama sindimba ya Wamakonde na bugobogobo ya Wasukuma, na kuzionyesha ndani na nje ya nchi. Hapo mwalimu alipata kazi ya aina mpya. Ngoma iliyochezwa usiku kucha ilifupishwa iwe ya dakika chache. Duara lilifunguliwa ili watazamaji waliokaa upande mmoja waone. Mchezaji alijifunza ngoma ya kabila ambalo lugha yake haijui.

Mabadiliko hayo yalileta ubishi. Walioyaunga mkono walisema yamewafanya Watanzania wajivunie ngoma za wenzao. Walioyapinga walisema ngoma kama sindimba, iliyokuwa na nafasi yake katika sherehe za jando na unyago, imebaki mtikisiko wa kiuno bila maana iliyoiambata.

Chuo cha Sanaa Bagamoyo

Baada ya kikundi cha taifa kuvunjwa, kazi ya kufundisha ilihamia Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981. Mwaka 2007 chuo hicho kilifanywa wakala wa serikali kwa jina la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Hutoa astashahada na stashahada, na wanafunzi husoma ngoma, muziki, maigizo, sarakasi na sanaa za ufundi. Huandaa pia tamasha la kila mwaka linalokusanya vikundi vya Tanzania na nchi nyingine.

Chuo kimewapa walimu wa ngoma ajira na cheti kinachotambuliwa. Wahitimu wake wamefundisha shuleni na kuanzisha vikundi mijini. Tofauti na kungwi, anayejua ngoma chache kwa undani na kuzifundisha kwa watu wa mila yake, mkufunzi wa chuo hufundisha ngoma nyingi kwa wanafunzi wa makabila yote kwa ratiba ya darasa. Wa kwanza hawezi kueneza alichonacho mbali na kwao. Wa pili hawezi kupata undani wote bila kurudi kwa wa kwanza.

Walimu wanaojulikana

Hukwe Zawose (aliyefariki Desemba 2003) alikuwa Mgogo kutoka Dodoma, mpigaji wa ilimba na zeze. Alikuwa msanii wa taifa, kisha akafundisha katika chuo cha Bagamoyo na kuishi mjini humo. Aliwafundisha pia watoto na ndugu zake, na ukoo wake umeendelea na kazi hiyo. Miongoni mwao ni wanawake, akina Pendo na Leah Zawose.

Bibi Kidude (Fatuma binti Baraka, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013) alijulikana duniani kwa taarabu, na mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX. Huko Zanzibar alikuwa pia mwalimu wa unyago, akipiga msondo na kuwafunda wasichana kwa miaka mingi. Watu wengi waliomsikia jukwaani hawakujua kwamba sehemu kubwa ya kazi yake ilifanyika mahali ambapo wanaume na wageni hawaruhusiwi.

Malipo na maisha

Kwa desturi, mwalimu wa ngoma hakupata mshahara. Alipewa kilemba, yaani zawadi ya shukrani mwanafunzi anapohitimu, pamoja na vitu kama kanga, kuku, mchele au fedha kidogo. Aliishi kwa kulima, kuvua au kufanya biashara, na aliheshimiwa kwa ujuzi wake. Leo viongozi wa vikundi hulipwa kwa maonyesho ya harusi, mikutano ya siasa, mapokezi ya wageni na hoteli za kitalii. Malipo hayo hugawanywa kwa wachezaji wengi, na hayana uhakika.

Jambo lingine ni muda. Sheria na sera za elimu zinataka msichana abaki shuleni, na wananchi wengi wamepinga unyago unaomkatisha masomo au kumharakisha kuolewa. Mahali pengi shughuli hiyo sasa hufanywa wakati wa likizo, kwa siku au wiki chache. Hatua hiyo inamlinda mtoto, lakini pia inamlazimu kungwi kuchagua afundishe nini na aache nini. Mara nyingi kinachoachwa ni nyimbo ndefu na mapigo magumu, kwa sababu yanahitaji kurudiwa mara nyingi.

Hali katika nchi nyingine

Tatizo la kurithisha ngoma halipo Tanzania peke yake. Nchini Uganda, bigwala, muziki na uchezaji wa tarumbeta za vibuyu vya Wasoga, uliingizwa na UNESCO mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Wakati huo walikuwa wamebaki wajuzi wazee wanne tu. Mwaka 2014 isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kenya iliingizwa katika orodha hiyohiyo. Tanzania iliridhia mkataba wa UNESCO wa kulinda urithi usioshikika mwaka 2011.

Nchini Eire njia ilikuwa tofauti. Karne ya 18 walimu wa dansi walitembea kijiji hadi kijiji na kulipwa na wanavijiji. Katika karne ya 20 iliundwa tume ya dansi za Kieire, An Coimisiún le Rincí Gaelacha, ambayo huwapa mtihani wanaotaka kuwa walimu. Utaratibu huo umeeneza dansi hizo hadi Marekani na Australia, ingawa pia umefanya mitindo ya sehemu mbalimbali ifanane zaidi.

Umuhimu wa kurithisha

Kurekodi kwa video kumesaidia kuhifadhi sauti na sura ya ngoma nyingi. Hata hivyo picha haimrekebishi mwanafunzi aliyeweka uzito kwenye mguu usio wake, wala haimwambii kwa nini wimbo fulani hauimbwi mchana. Kwa sababu hiyo vikundi vinavyodumu ni vile ambavyo mwalimu amewaachia wanafunzi wawili au watatu nafasi ya kuongoza angali hai, kuwasikia wakikosea, na kuwasahihisha. Pale ambapo mzee mmoja anashika kila kitu peke yake, kikundi huweza kubaki na ngoma, njuga na mavazi, kikakosa mtu wa kuanzisha wimbo.